Waya wa Akiba

Katika shule ya bweni ya Wexcombe, kwenye vilima vya Vermont, kulikuwa na makosa ambayo Odile Desautels aliyatenda, makosa ambayo hakuyatenda, na makosa ambayo alisikitika kuona mtu mwingine amemwahi. Lile la taa ya ngazi lilikuwa katika kundi la pili, na ndiyo maana lilimuuma kuliko yote.

Lilianza, kama mambo mengi mazito katika historia, na pai. Jumapili moja ya Desemba, alasiri ambayo jua lilikuwa limeshafunga duka na kwenda zake, Bwana Prouty alikuwa akipanda ngazi za bweni la Dunmore amebeba pai ya maboga aliyoioka kwa mikono yake mwenyewe. Bwana Prouty alikuwa mwalimu wa Kilatini na mlezi wa bweni hilo. Alikaa humo humo, katika nyumba ndogo ambayo mlango wake ulifungukia pale ngazi zinapokata kona, nusu ya safari kati ya chini na juu. Juu, sebuleni, wageni wa bodi ya shule walikuwa wakiisubiri pai. Bwana Prouty alipofika kwenye kona, taa ikazimika. Akabonyeza swichi iliyo kando ya mlango wake. Giza. Akabonyeza tena. Giza vilevile. Kwa kuwa alikuwa mtu wa msimamo, akaendelea kupanda. Na kwa kuwa ngazi haziheshimu msimamo wa mtu, akateleza, akaketi. Aliketi juu ya pai.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Odile, aliyekuwa juu kabisa, ameegemea ukingo wa ngazi. Alicheka kwa sauti, kwa muda mrefu, na kwa moyo mweupe wa mtu asiye na hatia. Bahati mbaya kicheko cha asiye na hatia na kicheko cha mwenye hatia ni mtu na pacha wake.

Tena sifa zake zilimtangulia. Ni Odile aliyezisogeza mbele saa zote za bwalo, hata kifungua kinywa kikaisha kabla hakijaanza. Ni yeye aliyemvisha mwanzilishi wa shule, yule wa shaba aliyesimama mbele ya maktaba, kinyago cha golikipa wa hoki, na wengi walikiri kwamba mwanzilishi alipendeza. Baada ya mambo ya saa, Bi Ostrander, naibu mkuu wa shule aliyeshughulikia nidhamu, alimpa onyo la mwisho, na Bi Ostrander hakuwa mtu wa kutoa onyo la mwisho mara mbili. Sasa alimwita ofisini akamweleza kwa upole, jambo lililotisha kuliko ukali, kwamba kikao kingekaa Jumatano baada ya chakula cha mchana. Ikithibitika kwamba ameichezea taa ile, angefungasha virago arudi kwao Barre, na lango la Wexcombe asingelipita tena.

Odile angekula viatu vyake vya theluji, kamba na soli, kabla ya kukiri mbele ya mtu kwamba aliipenda shule ile. Lakini aliipenda. Aliipenda harufu ya soksi zilizoanikwa kwenye mabomba ya joto. Aliwapenda wenzake waliokuwa wakimlaani kila asubuhi. Alimpenda hata yule mzee wa shaba.

Bwana Prouty naye alikuwa ofisini, amekaa upande upande kwa sababu zinazoeleweka. Alisema kwamba kwa maoni yake kesi ilikuwa nyepesi. Mama yake Odile ni fundi umeme. Odile amekua akichezea nyaya kama watoto wengine wanavyochezea midoli. Ni nani mwingine katika bweni zima anayeujua umeme?

"Ndiyo maana si mimi, Mwalimu," Odile alisema. "Kazi yenyewe mbovu."

Bi Ostrander alimshauri atafute utetezi mwingine. Kisha akatoa amri: mpaka kikao kikae, Odile asiguse swichi wala skrubu yoyote kwenye ngazi ile. Akionekana ameshika hata kifuniko, kesi imekwisha.

Kwa hiyo Jumatatu alasiri Odile alianza upelelezi mikono ikiwa mfukoni. Kazi ya vidole alipewa Thora Wickstrom, waliyelala naye chumba kimoja, msichana mrefu wa kutoka Minnesota aliyeamini kila kitu duniani isipokuwa alichoambiwa na Odile.

"Bonyeza ya juu," Odile alisema.

"Haiwaki."

"Bonyeza tena."

"Haiwaki, bosi. Nikuletee na kahawa?"

Ngazi ile ilikuwa na swichi tatu kwa taa moja: ya chini mlangoni, ya katikati kando ya mlango wa Bwana Prouty, na ya juu karibu na sebule. Zamani zilikuwa mbili tu, ya chini na ya juu, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kuzifikiria, ambayo ndiyo heshima kubwa ambayo swichi inaweza kupata. Ile ya katikati ilikuwa ngeni. Wanafunzi walikwenda makwao kula bata mzinga wakati wa sikukuu ya Shukrani, na waliporudi waliikuta ukutani, nyeupe, inameremeta. Kila mtu alidhani fundi wa shule ameiweka. Tangu siku hiyo taa ikawa na tabia. Kuna wakati ilimtii kila mtu. Kuna wakati aliye juu angebonyeza mpaka kidole kife ganzi. Wanafunzi wadogo walisema ni mzimu wa mwanzilishi. Wakubwa walisema ni Odile.

Thora alipanda, akashuka, akapanda, akilalamika bila kukoma. Odile alikaa ngazi ya kati, kidevu juu ya magoti, macho kwenye taa. Alikuwa akitafuta jambo moja. Taa inayowashwa kutoka sehemu kadhaa ina adabu moja tu: yeyote akibonyeza, popote alipo, lazima ibadilike. Ikiwa inawaka, izime. Ikiwa imezima, iwake. Taa hii iliivunja adabu hiyo, lakini, kadiri Thora alivyozidi kutoa jasho, ikaonekana kwamba haikuivunja ovyo. Swichi ya chini ikikaa upande mmoja, zile mbili za juu zilifanya kazi kama malaika. Ikigeuzwa upande wa pili, taa ilizima na zote mbili zikafa pamoja nayo. Basi Jumapili kuna mtu aliyeizimia chini mlangoni, akaenda zake.

"Ya chini ni mfalme," Odile alisema. "Akilala, ufalme wote unalala."

"Si ndivyo wafalme walivyo?"

"Si kwenye ngazi. Hapa wote watatu wanatakiwa wawe sawa."

Akainuka akaenda kukitazama kifuniko cha swichi ya katikati, mikono nyuma, kama mgeni rasmi kwenye makumbusho. Skrubu mbili zilizokishikilia zilikuwa zimekaa mshazari, moja ikielekea Kanada, nyingine ikielekea Boston. Odile akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mafundi wa kwao wana ada yao: ukimaliza kufunga kifuniko, ufa wa kila skrubu unausimamisha wima. Hakuna sheria inayodai hivyo, na taa haijali, lakini mama yake aliwahi kugeuza gari katikati ya theluji kurudi kwa mteja kunyoosha skrubu moja. Kwenye swichi ya chini ufa ulikuwa wima. Kwenye ya juu, wima. Hii ya katikati haikufungwa na fundi. Ilifungwa na mtu aliyebaki bwenini wakati wa sikukuu, ambaye mlango wake uko kwenye kona, na ambaye kwa miaka alichoshwa na watu wa juu na wa chini kumzimia taa akitafuta funguo. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja.

"Unacheka nini?" Thora aliuliza.

"Namfikiria mama."

"Mama yako anachekesha?"

"Yeye hapana. Wateja wake."

Maana kila majira ya baridi mama yake aliitwa na bwana fulani aliyeamua kujiwekea swichi mwenyewe. Mabwana walibadilika, kosa lilikuwa lilelile, na lilitokana na jina. Katika nchi ile, swichi ya kuwashia taa moja kutoka sehemu mbili huitwa swichi ya njia tatu. Huitwa hivyo kwa sababu ina skrubu tatu za kufungia nyaya, wala hakuna sababu nyingine. Kwingineko duniani watu walihesabu sehemu, wakaiita ya njia mbili, na mabwana wa huko wanalala usingizi mnono. Ukitaka kuongeza sehemu ya tatu, hapo katikati unaweka swichi ya njia nne, yenye skrubu nne, kwa kuwa nyaya mbili zinatoka chini na mbili zinakwenda juu. Lakini bwana anayehesabu milango badala ya skrubu anakwenda dukani kwa madaha kuomba ya njia tatu. Anarudi nyumbani, anakuta nyaya nne zinamkodolea macho na skrubu ni tatu, na hapo ndipo hukata shauri.

Thora alisikiliza yote, akasema kwamba basi hakuna tatizo, waende sasa hivi wakamwambie Bi Ostrander. Odile akamuuliza Bi Ostrander angemwamini nani, mtu aliyesogeza saa au mtu anayejua Kilatini. Zaidi ya hayo, sheria za shule zilikuwa wazi kwamba umeme unashikwa na fundi mwenye leseni peke yake. Bwana Prouty alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

"Sasa utafanyaje?"

"Atasema mwenyewe."

"Mtu hawezi kujisema hivihivi, Odile."

"Huyu ni mwalimu wa Kilatini. Hebu kosea kitu mbele yake uone."

Jumatano bwalo liliandaa supu nzito ya mahindi, na Odile alifika kwenye kikao amebeba bakuli la supu hiyo mikononi, limejaa hadi ukingoni. Akaomba kwa unyenyekevu mkubwa kikao kihamie kwenye ngazi. Bi Ostrander aliuliza supu ni ya nini. Odile alieleza kwamba ameamriwa asiguse swichi, naye ni mtii. Mikono yote miwili imelishika bakuli. Likimwagika hata tone moja, kikao kijue kwamba amefanya ujanja, na yeye mwenyewe atakwenda kufungasha. Bi Ostrander alilitazama bakuli kwa muda, kama hakimu aliyeletewa mbuzi kuwa shahidi. Kisha akachukua koti lake.

Basi wakapangwa. Bi Ostrander, naibu mkuu wa shule, akasimama chini kwenye swichi ya mlangoni. Bwana Prouty akasimama katikati, mbele ya mlango wake, mikono kifuani. Thora akawa juu. Odile akabaki kwenye ngazi za kati na supu yake, machoni pa wote, na wanafunzi ambao kwa bahati tu walikuwa wakipita wakajazana ukingoni mpaka ukalia.

Taa ilikuwa imezima. Odile aliwaomba Thora na Bwana Prouty wabonyeze, mmoja baada ya mwingine, kadiri wapendavyo. Wakabonyeza. Taa haikujali. Akamwomba Bi Ostrander abonyeze mara moja tu. Ikawaka. Sasa Bwana Prouty akabonyeza, ikazima. Thora akabonyeza, ikawaka. Bwana Prouty tena, ikazima. Thora tena, ikawaka, kwa utiifu ambao bweni lile halikuwahi kuuona kwa kiumbe yeyote.

"Mheshimiwa wa chini, lala tena," Odile alisema, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Yaani, tafadhali, Bi Ostrander."

Bi Ostrander akabonyeza. Juu kukafa. Akarudia, kukafufuka. Akarudia tena, na tena, na mara ya mwisho ilionekana kwamba anarudia kwa sababu ya kufurahia. Supu haikumwagika.

Bwana Prouty alikohoa. Alisema kwamba yote haya yalikuwa ya kuvutia, lakini hayakumsafisha mtu. Kama nyaya zimevurugwa, basi kuna aliyezivuruga, na kikao kinajua nani ana ujuzi huo. Kwa mara ya kwanza supu ilicheza kidogo kwenye ukingo wa bakuli, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipofungwa: bila ya neno lake Bwana Prouty, yaliyobaki yalikuwa neno la Odile, na neno la Odile halikununua kitu Wexcombe.

Akavuta pumzi. Akavaa uso wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Ni kweli, Mwalimu. Mimi mwenyewe inanichanganya. Nadhani aliyeiweka hii ya katikati alikosea akanunua ya njia nne. Sehemu ni tatu, sasa njia nne za nini?"

"Hapana, hapana," alisema Bwana Prouty papo hapo, kwa sauti aliyoitumia kwa vitenzi. "Hilo sivyo kabisa. Hiyo ni ya njia tatu. Sehemu tatu, njia tatu. Nilimwambia yule kijana wa dukani hivyohivyo, naye akataka kubisha."

Kutoka chini ilisikika sauti ya Bi Ostrander, ya upole mno.

"Ulimwambia nani, Lemuel?"

Kwa heshima ya Bwana Prouty ni lazima isemwe kwamba hakukimbia. Masikio yake yakaanza kuiva. Akasema kwamba ndiyo, aliiweka yeye, wakati wa Shukrani, akiwa peke yake na bisibisi, na kwamba ilifanya kazi vizuri sana alipoijaribu. Alikuwa ameijaribu akiwa pale mlangoni kwake na kule juu. Chini hakushuka, kulikuwa na baridi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba aliyeiharibu baadaye ni Odile.

"Naomba niseme kilichomo ndani kabla hakijafunguliwa," Odile alisema, na sasa supu ilikuwa imetulia kama ziwa. "Nyuma ya kifuniko hicho kuna waya mmoja ambao hauendi popote. Unatoka chini, hautoki juu. Ungekuwa wa juu, mfalme angekuwa kwa Thora. Na ameuvalisha kofia kichwani."

Bi Ostrander aliamuru umeme wa ngazi ukatwe kwenye swichi kuu. Bwana Prouty akaleta bisibisi yake, akalegeza ile skrubu ya Kanada, kisha ile ya Boston, akaivuta swichi taratibu. Skrubu tatu, kila moja na waya wake. Na kando, umekunjwa vizuri, umelazwa kama mtoto, waya mwekundu kutoka chini, kichwani una kofia ndogo ya plastiki ya rangi ya machungwa.

"Huo ni wa akiba," Bwana Prouty alisema.

Bweni lilishindwa. Thora alilazimika kukaa chini. Kicheko kilishuka ngazi mpaka kwa Bi Ostrander, ambaye aligeukia mlango kwa muda akiuchunguza kwa makini, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa naibu mkuu wa shule. Alitangaza kwamba kesi ya taa imefutwa na Odile anabaki. Kuhusu mambo ya leseni, yeye na Bwana Prouty wangezungumza ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Kisha akamwambia Odile anaweza kuinywa supu yake sasa. Ilikuwa imepoa. Odile aliinywa yote, na hajawahi kunywa supu tamu kama ile.

Bwana Prouty alimfuata. Alisema, kwa shida, kwamba anaomba radhi kwa kumshuku.

"Kunishuku si neno, Mwalimu. Hata mimi ningejishuku."

"Basi unataka nini?"

Odile alimwambia. Na ndivyo ilivyotokea kwamba wakati wa chakula cha jioni Bwana Prouty alisimama bwaloni, akagonga glasi kwa kijiko, na mbele ya shule nzima akatamka, kwa kituo na mkazo wa mtu anayesoma hukumu ya kale, kwamba kazi ya swichi ya Dunmore isihusishwe na Odile Desautels, leo wala siku zijazo, kwa kuwa ilikuwa mbovu mno kuwa yake. Shule ilipiga meza kwa viganja. Odile aliinamisha kichwa kwa staha, kama mtu anayepokea nishani.

Mama yake alifika kutoka Barre na gari lake la kazi, buti zimejaa theluji. Akaweka swichi ya njia nne, akaurudisha waya wa akiba kazini, na Bwana Prouty akamshikia tochi muda wote. Alipomaliza akasimamisha skrubu wima, akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akaridhika. Swichi ya zamani akamtupia binti yake.

"Chukua hiyo. Usiniletee aibu nayo."

Odile hakumletea aibu. Aliibandika tu kwa gundi ukutani, kwenye ukumbi wa mbele, chini ya picha ya mwanzilishi, na kifuniko chake, na skrubu wima kabisa. Haina waya hata mmoja. Hadi leo wageni wa bodi wakiingia ukumbini huibonyeza, hutazama juu kwenye taa, hutikisa kichwa kwa kuridhika, na kupita.